Ya Kifuani, Siyo Mate

Shemeji yangu hajui kukaa. Tangu kaka yangu amwoe sijamwona akimaliza chakula akiwa kitini. Tonge la kwanza yuko mezani, la pili yuko dirishani anachungulia nguo kwenye kamba, la tatu anakwambia uinue miguu afagie. Ukimwambia apumzike anakujibu kwamba atapumzika akifa, na hata hapo hana hakika. Mimi ni fundi wa friji, nimezoea mashine zinazounguruma kutwa, lakini friji hata iwe mbovu namna gani hufika mahali ikanyamaza. Yeye hapana.

Na mtu huyo ndiye aliyepewa kazi ya kusubiri! Yuko maabara ya hospitali, chumba cha mwisho kwenye korido, na kazi yake ni kuotesha bakteria wanaowapa watu maradhi ya kifua. Anapokea makohozi ya wagonjwa, anayapaka juu ya sahani bapa za plastiki zenye chakula cha bakteria, chekundu kwa sababu kimechanganywa na damu, kisha anaziingiza kwenye kabati la joto. Baada ya hapo hana la kufanya ila kungoja. Bakteria hawana bosi wala hawapokei simu. Hata mkubwa gani akiumwa kifua, majibu ni kesho kutwa. "Anayesema subira yavuta heri," huwa anasema shemeji, "huyo hajawahi kusubiri bakteria."

Mtaani wanamwita Bi Makohozi. Jina limemganda kwa sababu ya maneno anayowaambia wagonjwa asubuhi mpaka jioni, hata yakawa yanamponyoka sokoni: "Ya kifuani, siyo mate." Maana watu wengi wakipewa kikopo wanatema mate, wanafunga kifuniko, wanaondoka zao wakijiona wamemaliza. Mate hayana habari yoyote. Mate yanaeleza mambo ya mdomoni, na ugonjwa uko chini kwenye mapafu. Kwa hiyo kila kikopo kikifika anapaka kidogo kwenye kioo, anatazama kwa hadubini, na akikuta ni mate anakirudisha. Ametukanwa kwa jambo hilo na watu wa kila rika. Mzee mmoja alimwuliza kama anataka atemewe mapafu yenyewe. "Ukiweza, mzee wangu," akamjibu, "nitashukuru sana."

Mimi nilikuwa namcheka. Nilimcheka mpaka mama yetu alipougua.

Mama, anayeishi kwa kaka na shemeji, alikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa sehemu kubwa ya maisha yake, kwenye jiko la kuni, na kifua chake kilikuwa na kawaida ya kulalamika kila baridi ikiingia. Hatukushtuka alipoanza kukohoa. Tulishtuka homa ilipopanda, akawa anapumua juu juu kama mtu aliyetoka kupanda ngazi, na akaanza kuwakaripia wapishi wenzake waliokwisha staafu zamani, kwamba wameacha maharage yaungue. Tukamkimbiza hospitali. Daktari, dada mmoja mwenye sauti ya chini, akasema ni nimonia, akamlaza, akamwanzishia sindano.

Sindano hazikufua dafu. Homa ilishuka kidogo ikapanda tena, na kila tulipokwenda kumwona tulimkuta amepungua. Mwishowe daktari alisimama miguuni pa kitanda, akatueleza bila kuzunguka. Alidhani bakteria waliomo kifuani mwa mama walikuwa sugu, dawa ile wanaijua. Kulikuwa na nyingine kali zaidi, lakini hiyo inaumiza figo, na figo za mama hazikuwa nzuri.

"Sitaki kumpa kwa kubahatisha," alisema. "Nikikosea tunamwongezea ugonjwa juu ya ugonjwa. Makohozi yake yapelekwe maabara, tujue wadudu hawa wanaogopa nini."

Shemeji mwenyewe ndiye aliyeleta kikopo. Alikuwa bado na koti lake jeupe, na maneno yale yakamtoka kama kawaida: "Mama, naomba makohozi. Ya kifuani, siyo mate."

Hapa lazima nieleze kuhusu mama. Mama ni msafi kupita kiasi. Sufuria zake zinang'aa hata sehemu isiyoonekana, na hajawahi kupiga chafya mbele ya mtu bila leso. Alikichukua kikopo, akatuomba wote tutoke. Tulipoitwa kurudi, kikopo kilikuwa kimefungwa ndani ya leso safi kama zawadi, na mama amelala amegeukia ukutani, amechoka hoi. Shemeji akaondoka nacho nusu anakimbia.

Hakukawia kurudi. Alisimama kwenye korido, mikono ndani ya mifuko ya koti, akasema, "Nimeyakataa."

"Umekataa nini?" kaka aliuliza. Kaka ni mwashi, mtu wa maneno machache. Ukimsikia anauliza swali ujue mambo yameshaharibika.

"Ni mate, mume wangu. Mate matupu. Nikiyaotesha nitaotesha wakazi wa mdomoni, na daktari atapewa majibu ya wasiohusika."

Sijawahi kumsikia kaka akipaza sauti namna ile. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi waligeuka. "Mama yangu anakata roho, wewe unamrudishia kikopo! Huyo ni mgonjwa wa barabarani?"

Mimi nami nikachomekea, maana hasira ikigawiwa sikosi kwenye foleni. "Si uyaoteshe hivyo hivyo tu, shemeji? Nani atajua?"

Alinitazama mpaka nikaangalia viatu vyangu. "Nimewarudishia watu wasio na ndugu maabara, wakarudi nyumbani wanalia," alisema. "Nikipokea haya kwa sababu ni ya kwetu, huruma hiyo hiyo ndiyo itakayomwua. Nipisheni."

Akaingia wodini. Sisi tukabaki mlangoni, tunaona na kusikia kila kitu.

"Mama, umenipa mate."

"Nimekupa kilicho safi," mama alisema. Sauti ilikuwa nyembamba, kila maneno mawili anavuta pumzi. "Nimesukutua kwanza. Nikapiga na mswaki. Ningekupaje uchafu ule, mwanangu? Wewe ni mkwe wangu. Utaushika kwa mikono yako, halafu kesho tukae meza moja?"

Kumbe! Mama alikuwa anapoteza maisha kwa ajili ya adabu. Alitumia nguvu zake chache zilizobaki kupiga mswaki, ili mkwe wake asione aibu yake. Nilisikia kaka pembeni yangu anameza mate, na hayo yalikuwa mate kweli.

Shemeji alikuwa ameshaanza kunyoosha shuka, kwa sababu mikono yake haikubali kukaa bure. Akaiacha. "Mama," alisema, "mimi nimeshika makohozi ya mji huu mzima. Ya watu nisiowajua, ya walevi, ya watoto, ya waliokwisha kufa kabla majibu hayajatoka. Sasa ya mtu ninayempenda ndiyo nisishike?"

Shemeji akajifunga barakoa, akapanda kitandani nyuma ya mama, akamwinua taratibu akamwegemeza kifuani mwake kama mtu anayemsuka mwenzake nywele. Akakunja kiganja, akaanza kumpigapiga mgongoni. "Vuta pumzi. Ishike. Sasa kohoa kutoka chini, chini kabisa." Mama akakohoa, na mkono ukaruka wenyewe kufunika mdomo. Shemeji akaushusha kwa upole. Wakaanza tena. Ilichukua muda mrefu, na kelele zilizokuwa zinatoka kwenye kile kifua nilitamani nisizisikie. Mwisho kikatoka kitu kizito, cha kijani, chenye michirizi ya rangi ya kutu.

Mama akafunika uso kwa mikono akalia kwa aibu. Shemeji akakiinua kikopo kwenye mwanga wa dirisha, macho yanamcheka juu ya barakoa, akasema kwa furaha ya kweli kabisa, "Mazuri hayo, mama! Mazuri mno! Laiti ningepata vikopo kumi vya namna hii kila siku!"

Kilio cha mama kikageuka kicheko, na kicheko kikageuka kikohozi. "Mwanangu," alisema alipopata pumzi, "wewe una wazimu."

Ndipo tukaanza kungoja. Usiku mmoja ni wa bakteria kuota, usiku mwingine ni wa kupimwa na dawa, na hakuna njia ya mkato. Kaka alibomoa kingo ya bustani aliyoijenga mwenyewe, akaijenga upya, ikawa vile vile. Mimi nilifungua friji ya mteja, nikaitazama ndani kama mtu anayesoma gazeti la lugha asiyoijua, nikaifunga.

Asubuhi ya kwanza shemeji alipotoka maabara alinikuta jikoni kwao. Bakteria walikuwa wameota, aliniambia, tena kwa wingi. Alishika sufuria iliyokwisha takata, akaendelea kuisugua.

"Hivi hawa wadudu wanaijuaje dawa?" nilimwuliza. "Nani amewafundisha?"

"Wanaazimana," alisema. "Ndani ya kila mmoja mna vinasaba, yaani maagizo ya namna ya kuishi. Mmoja akipata agizo la kuishinda dawa, hamnyimi mwenzake. Anampa, kama jirani anavyokuazima chekeche, ila wao hawadaiani. Wengine wanaokota kwa marehemu. Mwenzao akifa akapasuka, wanachukua vipande vya vinasaba vyake na kuvivaa. Hata kwa jamaa zao wa kooni ambao hawamdhuru mtu, wanachukua."

"Nguo za marehemu."

"Ndiyo hivyo. Na sisi tunawasaidia. Mtu ana mafua, ugonjwa ambao dawa hizo haziugusi kabisa, anameza vidonge viwili vitatu, akijisikia nafuu anaacha. Amewaua wazembe, amewaachia nyumba wajanja."

Nilifikiria nyumba zetu zote, na pakiti zilizokatwa nusu kwenye kila droo, na jinsi tunavyopeana kwa moyo mweupe kabisa: chukua hizi, zilimsaidia mjomba. Shemeji alisugua sufuria mpaka nikamnyang'anya.

Asubuhi ya pili nilimfuata kazini. Hairuhusiwi mtu wa nje kuingia, kwa hiyo nilisimama nyuma ya mlango wenye kioo, naye akaileta sahani ya mama mpaka kwenye kioo nione. Juu ya ule wekundu vilikuwa vimepangwa viduara vya karatasi, vidogo kama vifungo vya shati, kila kimoja kimeloweshwa dawa yake. Alishaniambia cha kutafuta. Dawa inayofanya kazi inajizungushia uwanja mtupu ambao hakuna kinachoota. Isiyofanya kazi, bakteria wanatambaa mpaka mlangoni kwake.

Nilitazama cha kwanza. Wamefika mlangoni. Cha pili, hivyo hivyo. Cha tatu hivyo hivyo. Shemeji alikuwa anaonyesha kwa kidole bila kusema, kimoja baada ya kingine, na sahani ikawa kama ukuta uliotambaliwa na kuvu. Halafu kidole kikasimama. Uwanja mtupu, safi, mviringo. Hiyo ilikuwa ile dawa kali ya figo. Akageuza sahani kidogo, na pembeni kabisa palikuwa na uwanja mwingine, mdogo kuliko ule, lakini uwanja. Midomo yake ikasema nyuma ya kioo: hii haili figo. Kisha akawa hayupo tena, ameshakwenda kumpigia daktari.

Daktari akabadilisha dawa siku hiyo hiyo. Homa haikuondoka kwa mbwembwe, ilipungua kidogo kidogo kama mgeni anayeaga huku bado amekaa. Siku mama alipomwambia mfagiaji wa wodi kwamba ameruka kona, kaka alitoka nje akalia akiwa ameegemea mti, nami nikajifanya nafunga kamba za viatu ambavyo havina kamba.

Ingekuwa hadithi, ningeishia hapo. Lakini mkuu wa maabara alitaka kujua bakteria sugu kiasi kile wametoka wapi, akaagiza wote wanaoishi na mama wapimwe. Kwa hiyo jioni moja shemeji alitupanga sebuleni na vijiti vyenye pamba. Anakuingizia kimoja puani mpaka unahisi amegusa mawazo. Mimi, ninayelala kwenye karakana yangu lakini nakula kwao kila siku, nilipiga chafya mara tatu nikaitwa mwoga. Kaka hakutikisika. Shemeji akajipima mwenyewe. Wa mwisho alikuwa binti yao, mtoto wa pekee, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kuunga maneno. Yeye alidhani ni mchezo. Alicheka, akataka tena.

Majibu yalipotoka shemeji alikuja karakana kwangu kabla hajaenda nyumbani. Kaka hana. Mimi sina. Yeye hana.

"Mtoto anao," alisema. "Wale wale. Wanazishinda dawa zile zile."

"Lakini haumwi."

"Haumwi. Hawa hukaa puani mwa watoto kama wapangaji wasio na kelele. Mtoto anacheza, anakula, anawabeba tu. Wakipata kifua kilichochoka ndipo wanatoa makucha. Na wala sijui nani alianza kumpa mwenzake, mama au mtoto. Wanalala pamoja kila mchana."

Methali ilinifika mdomoni, ile ya kikulacho ki nguoni mwako, nikaimeza. Methali ile ni ya maadui. Huyu ni mtoto aliyejifunza kutembea kwa kushika kanga ya bibi yake.

"Basi apewe dawa!"

"Dawa gani? Kwa ugonjwa gani? Daktari amekataa, na amekataa kwa haki. Nikimpa dawa mtoto mzima nitawapa hao wadudu somo jingine. Watatoka wenyewe. Labda mwezi huu, labda baadaye." Alikuwa ameanza kupanga bisibisi zangu kwa ukubwa. "Mama atachanjwa kabla ya kutoka. Tutanawa mikono. Tutampangusa mtoto kamasi. Basi. Ndiyo yote niliyonayo."

"Mama aje akae kwangu," nilisema. Karakana ina chumba kimoja na harufu ya gesi ya friji, lakini nilisema kwa dhati, na kaka aliposikia akakubali mara moja. Tukaona tumepata ufumbuzi. Tulikuwa tumebakiza kumwambia mwenyewe.

Shemeji ndiye aliyemwambia, siku moja kabla hajaruhusiwa. Alimweleza kila kitu, hakuficha. Mama alisikiliza, mikono imekunjwa juu ya shuka. Alipomaliza, mama aliuliza, "Mtoto mwenyewe hajambo?"

"Hajambo, mama."

"Na mimi mnataka kunipeleka kwenye mafriji, nikae mbali naye mpaka lini?"

"Mpaka atakapokuwa hana tena. Sijui lini."

Mama akasema, polepole, kama anayetuuliza jambo ambalo sisi ni wasomi wake, "Sasa mlihangaika nipone ili iweje?"

Mimi nilitamani kukasirika na nikakosa wa kumkasirikia. Nilimtazama shemeji nikitumaini atasema hapana. Alikuwa amekataa kikopo cha mama mkwe wake mbele ya mumewe na mbele ya korido nzima, lakini kwa jambo hili hakuwa na sahani ya kutazama, wala uwanja mtupu wa kuonyesha kwa kidole. Alivuta pumzi. "Ukirudi," alisema, "mtoto akiwa na mafua humshiki. Hilo utaniahidi."

"Nakuahidi," mama alisema.

Mama akarudi nyumbani, siyo kwangu. Tulimweka kwenye kiti kibarazani, amevikwa sweta, miguu imefunikwa. Mtoto alisikia sauti yake akiwa ndani, akaja mbio, miguu inapishana na akili. Kaka akanyoosha mguu kumzuia kabla hajajua anafanya nini. Shemeji akamdaka mtoto, akamkagua pua kama askari wa mpakani, akamnawisha mikono kwa sabuni, akamkausha vidole kimoja kimoja huku mtoto anapiga kelele "bibi, bibi". Kisha akampa bibi yake ampakate, mgongo wa mtoto ukiwa kifuani kwa mama, uso umetazama nje.

Mama akafumba macho, akaweka kidevu juu ya kile kichwa kidogo. Sijamwona binadamu ametulia namna ile. Sisi tulisimama tumewazunguka, na nilijiambia kwamba imekwisha, sasa tunaweza kuweka maji ya chai.

Mtoto akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo tu, labda cha vumbi, labda cha furaha. Lakini kaka aliganda na birika mkononi, mimi nilishika ukuta, na shemeji alikuwa ameshapiga magoti sakafuni, sikio liko kati ya vifua viwili, hajui asikilize kipi kwanza. Mama peke yake hakushtuka. Alimwinamisha mtoto mbele kidogo, akampigapiga mgongoni kwa kiganja kilichokunjwa. "Pole, mama," alimwambia. "Pole, pole."